Niifute huduma ya video ya mama mkwe, au niiache?

Mpendwa Mshauri,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Nakuru. Kwetu ni Bungoma, mimi ni Mbukusu, yaani mmoja wa Waluhya, na mke wangu ni Mkikuyu mzaliwa wa Nyandarua. Mungu ametujalia binti mwenye umri wa miaka 13 na mvulana wa miaka 8, na tangu tuoane lugha ya nyumba yetu imekuwa Kiswahili, kwa makubaliano ambayo hatukuyaandika popote lakini ambayo kila mmoja wetu aliyaheshimu.

Mwaka jana mama mkwe aligunduliwa kuwa na maradhi ya figo, na kwa kuwa ni lazima asafishwe damu mara mbili kwa wiki katika hospitali iliyo mjini, ilibidi ahamie kwetu. Bila shaka unazijua mila za Wabukusu kuhusu jambo hili: mtu na mama mkwe wake hawapeani mikono, hawaketi mahali pamoja, na hata wakipishana njiani kila mmoja huinamisha macho. Tulimpa chumba cha nyuma chenye mlango wa kutokea uani, na ili asizidiwe na upweke, mke wangu akamnunulia runinga ndogo na kumlipia kwa M-Pesa huduma ya video mtandaoni yenye vipindi vya Kikikuyu: tamthilia, nyimbo za injili, mapishi, habari na mijadala ya siasa.

Sasa watoto wakimaliza kazi za shule huhamia kwa cucu wao, yaani nyanya yao kwa Kikikuyu, nami huachiwa sebule peke yangu. Binti yangu, ambaye zamani Kikikuyu chake kilikuwa cha salamu tu, siku hizi humsimulia mama yake visa vya tamthilia mezani kwa lugha ambayo mimi naiokoteza neno hapa na neno pale. Jioni moja nilipokuwa nikipita uani nilimsikia mchekeshaji akiigiza bawabu wa Kiluhya kwa lafudhi iliyotiwa chumvi, akidai aletewe ugali wa kushibisha watu wanne kabla hajafungua lango, na wote chumbani, wanangu wakiwemo, walikuwa wakiangua kicheko. Wakati wa chakula binti yangu alimwiga yule bawabu mbele yangu, bila nia mbaya. Nilicheka naye, lakini usiku usingizi ulinipaa.

Huenda ukaniona mwepesi wa kuumia, kwa hiyo niruhusu nieleze. Januari ya 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, nilikuwa hapa hapa Nakuru, kijana aliyetoka kumaliza shule ya upili. Jirani yetu alikuwa akifungulia redio ya lugha ya kwao tangu asubuhi hadi usiku, na ingawa maneno sikuyaelewa, niliuona uso wake ukibadilika siku baada ya siku mpaka akaacha kutusalimu. Hatimaye tulihama usiku. Tangu wakati huo nimeamini kwamba nchi yenye makabila zaidi ya 40 haiwezi kukaa kwa amani ikiwa kila kabila litakuwa na runinga yake, habari zake na vichekesho vyake. Mwalimu mwenzangu aliyesomea Tanzania hupenda kuniambia kwamba majirani zetu walituzidi akili hapo tu, kwa kuwa wote husikiliza Kiswahili.

Nilimwambia mke wangu kwamba muda wa huduma ile ukiisha mwezi huu isilipiwe tena, tubaki na ile ya Kiswahili na ile ya Kimarekani ambazo tumekuwa tukizilipia. Alinijibu kwa sauti ya chini, jambo ambalo kwake ni dalili ya hasira kubwa, kwamba hata ile ya Kimarekani ni ya kabila fulani, ila ni kabila ambalo mimi siliogopi. Hatujalizungumza tena. Naomba unijibu mambo mawili: je, huduma hizi za kila jamii na yake zinatugawanya au zinatutajirisha? Na je, nina haki ya kuifuta hii iliyo nyumbani mwangu?

Wako,
Baba wa Wawili, Nakuru


Mpendwa Baba wa Wawili,

Usiifute. Nalitanguliza jibu kwa sababu tarehe ya kulipia inakaribia na maelezo yangu ni marefu.

Sababu ya kwanza haina siasa ndani yake. Mgonjwa wa figo hulazwa kwenye mashine kwa muda wa takriban saa 4 kila anaposafishwa damu, hurudi nyumbani akiwa hoi, hupimiwa hata maji ya kunywa, na mama mkwe wako hurudi katika nyumba ambayo heshima yenyewe inamkataza kuikalia sebule. Malipo yakikoma, hataelewa kwamba umefanya hivyo kwa ajili ya umoja wa Kenya. Ataelewa kwamba mkwe amechoka naye, na mke wako ataelewa vivyo hivyo.

Hofu yako, hata hivyo, siipuuzi, na mtu aliyewahi kuhama Nakuru usiku hahitaji kuomba radhi kwa kuwa nayo. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza ghasia zile zilizoua watu zaidi ya 1,100, ilipokea ushahidi kwamba baadhi ya redio za lugha za mama zilichangia kupandisha chuki. Hilo ni kweli na halifutiki. Lakini swali uliloniuliza ni kama kosa lilikuwa la lugha na la kila jamii kuwa na chombo chake, na hapo ndipo ushahidi unapoelekea kwingine. RTLM, redio iliyochochea mauaji ya kimbari nchini Rwanda mwaka 1994, ilitangaza hasa kwa Kinyarwanda, lugha ambayo Wahutu, Watutsi na Watwa wote huizungumza tangu utotoni. Ilikuwa lugha moja ya taifa zima, ndoto ya mwalimu mwenzako, na waliopangiwa kuuawa walikuwa wakiisikiliza redio hiyohiyo. Mahakama ya kimataifa ya mauaji hayo, iliyokaa Arusha, ilipowahukumu waanzilishi wa RTLM, Nahimana na Barayagwiza, pamoja na Ngeze, mhariri wa gazeti, mwezi wa Desemba 2003, hakuna aliyesema kwamba tatizo lilikuwa lugha ndogo isiyoeleweka na majirani. Na hapa kwetu, Tume ya Kitaifa ya Uwiano na Utangamano ilipochapisha orodha ya maneno ya chuki mwezi wa Aprili 2022 kabla ya uchaguzi, mengi yalikuwa ya Kiswahili na Sheng', “madoadoa”, yaani watu wa jamii nyingine walio katikati ya wenyeji, likiwa mojawapo. Mchochezi hutumia lugha yoyote itakayomfikia anayemtaka. Akitaka kijiji atatumia ya kijiji, akitaka nchi nzima atatumia ya nchi nzima.

Kilichofanya redio za 2007 na 2008 ziwe hatari kilikuwa mambo mengine: mijadala ya moja kwa moja ambamo mpigaji simu alisema atakalo bila mtangazaji kumkata, matokeo ya kura yanayobishaniwa, na wasikilizaji ambao hawakuwa na mtu wa jamii nyingine karibu nao wa kuuliza kama hayo yanayosemwa ni kweli. Vipime vipindi vya chumba cha nyuma kwa vigezo hivyo. Tamthilia ya mirathi na mashamba haina hayo, wala mapishi, wala nyimbo za injili. Mjadala wa siasa unaweza kuwa nayo yote, na unaweza kuwa nayo hata ukitangazwa kwa Kiingereza cha Nairobi. Kwa hiyo sioni vema kuitia huduma nzima katika hukumu moja wakati ndani yake kuna vitu visivyofanana.

Kuna jambo moja la kiufundi ambalo wazazi wengi hawalijui na ambalo, kwa maoni yangu, lina hatari kuliko lugha yoyote. Runinga ya zamani ilikuwa na ratiba. Mwenye kuangalia mapishi na mwenye kuangalia habari walipewa kitu kilekile kwa saa ileile. Huduma nyingi za mtandaoni hufuatilia ulichokitazama, ulipokatiza na ulichokirudia, kisha hukuletea vinavyofanana nacho. Mtambo haujali kama kipindi kimekujenga au kimekutia hasira. Unachojua ni kwamba kilikushika. Mgonjwa akitazama mjadala mmoja wa siasa hadi mwisho kwa sababu alisinzia na runinga ikaendelea, kesho ataletewa mingine mitatu, na mvulana wako akiishika rimoti ile kutafuta katuni atakutana nayo mlangoni. Hilo lina dawa. Mwombe mke wako, kwa kuwa wewe huwezi kuingia chumba kile, awafungulie watoto wasifu wao wenyewe ndani ya akaunti hiyo ikiwa huduma inaruhusu, na azime mpangilio unaoendeleza kipindi kinachofuata bila kuulizwa.

Nirudi kwenye swali lako kubwa, maana kuna mahali ambapo chaneli ya watu wachache ilipunguza ugomvi badala ya kuuongeza. Huko Wales, sehemu ya Uingereza yenye lugha yake, kabla ya 1982, vipindi vya Kiwelisi vilipachikwa katikati ya vile vya Kiingereza kwenye chaneli zilezile za wote. Wasiojua Kiwelisi walichukia kukatiziwa vipindi vyao, na wengi waligeuza antena zielekee minara ya upande wa England. Waliokijua walilalamika kwamba hutupiwa saa ambazo hakuna mtu nyumbani. Serikali ya Margaret Thatcher iliahidi chaneli ya Kiwelisi kisha ikabadili nia, na mwaka 1980 mwanasiasa Gwynfor Evans, mzee wa miaka karibu 70, akatangaza kwamba atajinyima chakula hadi afe. Serikali ikairudia ahadi yake, na chaneli hiyo, S4C, ikaanza kutangaza tarehe 1 Novemba 1982. Tangu hapo wenye Kiwelisi walipata chao na wenye Kiingereza wakaachiwa chao, na ule ugomvi wa antena ukakosa sababu. Si hayo tu: katuni ya Fireman Sam, ambayo huenda mvulana wako ameitazama kwa Kiingereza, ilianzia kwenye chaneli hiyo kwa Kiwelisi mwaka 1987. Watu walipopata mahali pa kusemea kwa lugha yao, walitengeneza kitu ambacho hata majirani walikitaka.

Sitakuficha tofauti iliyopo. S4C ilianzishwa kwa sheria ili kulinda lugha iliyokuwa ikififia, ilhali huduma zetu huendeshwa na soko, na soko huanza na wengi. Netflix iliingia Kenya Januari 2016 pamoja na nchi nyingine nyingi kwa siku moja. Inooro TV ya Kikikuyu ilikuwa imetangulia mwaka 2015, na Viusasa ikafuata Novemba 2017 ikiuza vipindi vya hapa nchini, vya lugha za mama vikiwemo. Si ajabu kwamba Kikikuyu kilipata runinga mapema, maana sensa ya 2019 iliwahesabu Wakikuyu kuwa zaidi ya milioni 8. Waluhya, karibu milioni 7, wanazo redio kama Mulembe FM, na Wabukusu wanayo Sulwe FM, lakini kwa upande wa video wana vichache. Mturkana na Mrendille husikia lugha zao kwenye redio ya KBC, shirika la utangazaji la taifa, na Waelmolo wa Ziwa Turkana hawana mtangazaji wa matangazo ya biashara anayewatafuta. Ukiniuliza mgawanyiko uko wapi, nitakuonyesha hapo: wengine wana tamthilia, mapishi na katuni kwa lugha yao, na wengine hawana hata taarifa ya hali ya hewa. Hilo halirekebishwi kwa kumzimia mwenye nacho.

Mke wako, kwa njia, alisema jambo zito, na sidhani kwamba alilisema kwa hasira tu. Huduma ya Kimarekani imejaa mila, vyakula, mizaha na maombolezo ya watu mahususi, lakini kwa kuwa inatoka mbali na ina fedha nyingi, tumeizoea tukaiona kuwa ni ya dunia nzima. Binti yako akiiga lafudhi ya Texas mezani hukosi usingizi.

Ama kuhusu mwalimu mwenzako, nakubali kwamba Kiswahili kimewafanyia Watanzania jambo kubwa, na sera ya tangu enzi za Azimio la Arusha inastahili sifa. Ila Mtanzania anayezungumza Kihehe au Kinyaturu naye atakuambia kwamba wajukuu zake hawaelewi hadithi zake, na hilo ni gharama ambayo Kenya haikulazimika kuilipa kwa kiwango kilekile. Kila nchi imechagua hasara yake.

Sasa niguse lile ambalo barua yako imelipita pembeni. Umeeleza kwa kirefu kwamba watoto wanajifunza Kikikuyu, lakini hujaandika popote kwamba wanajua Kibukusu. Makubaliano yenu ya Kiswahili yalikuwa mazuri, na yalishikilia mradi pande zote mbili zilikaa kimya kwa usawa. Mama mkwe alipokuja na runinga yake, upande mmoja ulianza kusikika na wako ukabaki kimya. Yule bawabu amekuchoma kwa sababu, katika macho ya wanao, karibu ndiye Mluhya pekee wanayekutana naye mara kwa mara mbali na baba yao. Wangekuwa na wengine wa kumlinganisha naye, angekuwa mchekeshaji hafifu tu.

Basi waongezee. Video za wapiga litungu, ile ala yenu ya nyuzi, za harusi na za ngoma za tohara zipo YouTube bila malipo, na sebule unayolalamika kwamba imebaki yako ina runinga kubwa kuliko ile ya chumba cha nyuma. Simu kwa baba yako Bungoma iwe ya video na ifanyike kwa Kibukusu hata kama watoto watajibu kwa Kiswahili. Tohara ya Wabukusu hufanyika Agosti ya miaka inayogawanyika kwa mbili, na mvulana wako, ambaye zamu yake haiko mbali, anastahili kuiona ya wengine kabla ya yake. Mchukue na dada yake. Binti huyo ana kipaji cha kusimulia. Akitoka huko atamsimulia cucu kwa Kikikuyu yale aliyoyaona Bungoma, na nathubutu kusema kwamba mama mkwe wako, ambaye ameishi nawe mwaka mzima bila kuweza kukuuliza chochote, atakuwa na maswali mengi.

Kuhusu mzaha wenyewe, mambo mawili yafanyike na watu wawili tofauti. Mke wako amwambie mama yake, kwa wakati watakaouchagua wao, kwamba kipindi kile kinamdhihaki baba wa wajukuu wake. Mzee mwenye adabu ya kutokuangalia usoni hatahitaji kuelezwa mara mbili, na wewe usipeleke ujumbe kupitia watoto. Binti yako mwambie wewe mwenyewe. Ana umri wa kutosha kusikia kuhusu jirani na redio yake, na kuelezwa kwamba vichekesho vya Kiswahili na Kiingereza vya runinga za kitaifa vimewafanyia Wakikuyu hivyohivyo kwa miaka mingi, kila mara wakiwa wapenda pesa wasiojua kutamka. Usimkataze kucheka. Malalamiko rasmi sikushauri, kwa sababu bawabu mla ugali hajafikia kiwango cha uchochezi, na ofisi zinazoshughulikia uchochezi zina kazi nzito zaidi.

Uchaguzi mkuu unakuja Agosti 2027, na hapo nakubaliana nawe kwamba lazima kuwe na mpaka. Wekeni kanuni ninyi wawili, mapema, wakati hakuna joto: watoto hawatazami mijadala ya siasa wala matangazo ya moja kwa moja ya kuhesabu kura katika chumba chochote na kwa lugha yoyote, huduma ya Kimarekani na ya Kiswahili zikiwemo, na taarifa ya habari wanaitazama pamoja nanyi sebuleni ili wakisikia jambo wawe na wa kumuuliza. Mama mkwe ni mtu mzima na atatazama anachotaka, ila siku za kura mlango wa chumba chake uwe wa kupelekewa chai na dawa, na watoto wawe kwenu. Aambiwe na binti yake kwamba kanuni hiyo ni yenu nyote wawili, kwa sababu akidhani ni yako peke yako ataitafsiri kuwa ni dhidi yake.

Mshauri